Boti ya faiba inayozamisha pua: kunyoosha tumbo lililobonyea

*"Habari za kazi, fundi. Nina boti ya faiba ya futi 19 hapa Pangani, umri wake umepita miaka 20. Kabla sijainunua ilikaa kwenye trela miaka sita, mashine ikiwa imening'inia nyuma. Sasa nimeifunga mashine ya HP 70. Ikishapanda juu ya maji pua inainama, usukani unakuwa mzito, na wimbi likija kutoka nyuma boti inataka kugeuka yenyewe. Nimebadilisha propela mara mbili bila mafanikio. Nimeweka rula ndefu chini ya tumbo karibu na mashine nikakuta bonde la milimita 9, tena kuna malengelenge madogo mengi. Fundi mmoja anataka kujaza fila ya gari, apige msasa na rangi, kazi ya siku tatu. Mwingine anasema milimita 9 si kitu. Nimsikilize nani, na nitahitaji vifaa kiasi gani?"*

Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati ya hao wawili. Pua kuinama, usukani kuwa mzito na boti kutaka kujigeuza ni dalili tatu za ugonjwa mmoja, na rula yako imeshauona. Milimita 9 mahali pale ni nyingi sana. Fila ya gari nayo italificha bonde kwa msimu mmoja, kisha itakurudisha pale pale ukiwa umeshatumia pesa. Lipo swali ambalo mafundi wote wawili hawakuliuliza: tumbo lilibonyea kwa sababu gani? Jibu la hilo ndilo litakaloamua kazi ianzie nje au ndani ya boti.

Kwanza tuone maji yanafanya nini. Boti ikienda taratibu inaelea tu, inasukuma maji pembeni. Ikikimbia inabebwa na maji yanayolipiga tumbo kwa chini. Sehemu ya mbele inakuwa hewani, na kinachoikalisha boti juu ya maji ni mita moja na nusu hadi mbili za mwisho za tumbo. Hapo maji yanatakiwa kupita na kuondoka yakiwa yamenyooka. Penye bonde, maji huufuata mbonyeo, kisha karibu na mwisho hukutana na sehemu inayoshuka, nayo huyasukuma chini. Maji yakisukumwa chini, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, inasukumwa juu. Tezi ikipanda, pua inazama. Ni kama mtu amekufungia vibao viwili nyuma ya boti vinavyotazama chini, na huna kamba ya kuvipandisha. Bonde la milimita 9 katika urefu wa mita moja na nusu linaupa ukingo wa nyuma mteremko wa zaidi kidogo ya nyuzi moja. Ni pembe ndogo kwa macho, lakini imeenea upana wote wa boti, na kwa mwendo wa mbio inatosha kabisa kuiangusha pua.

Hatari yake kubwa si kupoteza mwendo. Pua ikizama, mkuku wa mbele, yaani uti wa chini wa boti, unaingia majini na kuwa usukani wa pili usioushika wewe. Wimbi la nyuma likiinua tezi, boti inazunguka kwa pua na kulala ubavu. Mlangoni mwa mto, maji ya kupwa yakikutana na mawimbi ya kusi, hapo ndipo boti ya namna hii hupinduka. Mpaka itengenezwe, usivuke mlango huo kwa mbio wala usibebe watu.

Kasoro ya kinyume chake ni nundu, yaani tumbo lililotokeza nje karibu na tezi. Nundu huyavuta maji, tezi hunywea chini, pua huruka, na boti hudundadunda hata bahari ikiwa shwari. Ninaitaja kwa sababu anayejaza bonde kwa pupa mara nyingi huishia kutengeneza nundu.

Kabla ya kushika grenda, ondoa visingizio vingine. Hakikisha mashine inainuka na kushuka ipasavyo, na kwamba ukiusogeza mguu wake nje kabisa pua bado haiinuki. Kisha ipime boti uzito kwenye mizani ya malori. Boti nyingi za zamani zina povu chini ya sakafu, na povu la zamani hunywa maji. Boti inaweza kubeba kilo mia na zaidi za maji ambayo hujawahi kuyaona. Tumbo lililonyooka halitaisaidia boti yenye mzigo huo.

Sasa upimaji, na hapa usiharakishe. Tafuta bomba la alumini la mraba la mita mbili, lile la mafundi wa madirisha. Lijaribu kwanza: chora mstari sakafuni kwa kulifuata, ligeuze upande wa pili, chora tena. Mistari ikipishana, bomba limepinda, tafuta jingine. Kila upande wa tumbo, pima mistari mitatu kutoka tezi kwenda mbele: mmoja sentimita 10 kutoka kwenye mkuku, mmoja katikati, na mmoja sentimita 5 kabla ya pindo, yaani pale tumbo linapokunjika kuwa ubavu. Weka alama kila sentimita 20. Kupima uwazi kati ya bomba na tumbo, tumia biti za drili: biti ya milimita 3 ikipita na ya 4 ikigoma, andika 3 pale pale kwenye faiba kwa kalamu ya wino mzito. Ukimaliza, tumbo zima lina tarakimu, na bonde unalisoma kama ramani. Ikiwa bomba linapwaya huku na huku kama pembea, hapo pana nundu.

Pima mara mbili. Mara ya kwanza boti ikiwa kwenye trela, mara ya pili ikiwa imeinuliwa kutoka kwenye trela na kuondolewa mashine. Bonde likishuka kutoka 9 hadi 5, tumbo ni laini. Linapinda kwa uzito, na kwa hiyo ndani pameoza. Likibaki 9, faiba imeshazoea umbo hilo. Tazama pia kama mwanzo wa bonde unalingana na mahali mbao au roli za trela zinapoishia. Mara nyingi mbao huishia nusu mita kabla ya tezi. Mashine ya zaidi ya kilo 100 inaning'inia nje, trela inasukuma juu kwa mbele yake, na kwa miaka sita ya jua poliesta, ile resini inayoshika nyuzi za faiba, inakubali kupinda polepole. Kwa maelezo yako, nadhani ndiyo hadithi ya boti yako.

Halafu ingia ndani. Inua sakafu uyaone mabao marefu yanayokwenda urefu wa boti, yale mafundi wanayoyaita stringa. Yagonge kwa mpini wa nyundo kila kiganja: penye uzima sauti inalia kavu, penye uozo inadumaa kama umegonga gunia. Toboa tundu la milimita 5 na uyatazame makapi yanayotoka. Yakiwa meupe na makavu, stringa ni nzima. Yakiwa meusi, yanaminyika kwa vidole na kunuka ukungu, stringa imekufa. Fanya hivyo hivyo kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine, hasa chini ya matundu ya bolti. Matundu yote uliyotoboa yazibe kwa epoksi, ile resini ya kuchanganya na hadena yake (kigumishi), siku hiyo hiyo.

Ikiwa stringa zimeoza, na kwa boti ya umri huo ningeshangaa zikiwa nzima, habari hiyo ina upande mzuri. Stringa zikishaondolewa, tumbo linakuwa laini na unaweza kulisukuma lirudi mahali pake badala ya kulijaza. Boti inabaki imekaa wima, juu ya kitanda cha mbao zilizonyooka, imefungwa isisogee. Mbao za kitanda ziwekwe pale tumbo linapotakiwa kufika, si pale lilipo. Kwa ndani, weka jeki ya chupa juu ya kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40, kichwa cha jeki kikisukuma boriti iliyofungwa kwenye kitanda kwa minyororo. Usiegemeze jeki kwenye dari wala kwenye deki ya boti. Sukuma milimita mbili au tatu, acha hadi kesho, sukuma tena. Mchana jua linaisaidia faiba kulegea. Vuka mstari kwa milimita moja hadi mbili, maana ukiondoa jeki litarudi kidogo. Jeki zikiwa bado zimesukuma, gundisha stringa mpya, zifunike kwa tabaka tatu za nguo ya faiba, kila tabaka likitambaa tumboni zaidi ya lililo chini yake: sentimita 5, kisha 7.5, kisha 10. Pembe kati ya ubao na tumbo ijazwe kwanza kwa mchanganyiko mzito wa epoksi hadi iwe mviringo, kwa sababu nguo ya faiba haikai kwenye kona kali. Acha wiki nzima ndipo ulegeze jeki.

Kwa nini nahimiza kusukuma kuliko kujaza? Piga hesabu nami. Bonde lako lina urefu wa mita moja na nusu, upana kama sentimita 80 kila upande, yaani mita za mraba 2.4 kwa pande zote. Ukichukua kina cha wastani cha milimita 4, ni karibu lita 10 za kujaza. Kwa mati ya faiba (mkeka wa nyuzi fupi) ya gramu 450 kwa mita ya mraba hiyo ni kilo 4.5 za mati na kilo 10 za resini: kilo 15 umezigandisha kwenye tezi, pale pale mashine inapoelemea. Ukisukuma hadi libaki bonde la milimita 3, kazi ya kujaza inashuka hadi lita 3 au 4.

Na fila ya gari? Ina unga wa talki, na talki hunywa maji. Gari hukauka baada ya mvua, ila tumbo la boti halikauki. Fila ikishavimba inaachia kwenye faiba, kisha mwendo wa mbio unaibandua bamba zima. Isitumike chini ya mstari wa maji hata kiasi cha kijiko.

Tumbo likishanyooka kwa ndani, pindua boti. Toa mashine, tangi na betri kwanza. Tairi kuukuu chini, kamba pande mbili, watu kumi na wawili wanaomsikiliza mmoja. Au winchi ya mnyororo ukiipata. Iweke chini ya banda la makuti lenye upepo, ikiegemea kingo zake pande zote, na uhakikishe kwa paipu ya maji ya kupimia usawa kwamba haijajipinda kona moja. Ukiitengeneza ikiwa imejipinda, utakuwa umeugandisha upinde huo kwa epoksi.

Rangi ya zamani ya kuzuia viumbe vya bahari usiisage kavu. Ina shaba, na zile za zamani sana zinaweza kuwa na bati lenye sumu ambalo mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008 umelipiga marufuku. Ikwangue ikiwa imelowa, kusanya mabaki, usiyaache pwani. Kisha futa tumbo kwa asetoni kabla ya msasa, si baada yake, ili nta isisuguliwe ndani ya mikwaruzo.

Malengelenge yana siri yake. Maji hupenya jelikoti, lile tabaka laini la nje la faiba, polepole, yanakutana na kemikali ambazo hazikuiva vizuri zamani, yanatengeneza asidi nzito inayovuta maji zaidi, na shinikizo linaivimbisha jelikoti. Toboa moja huku umefunika macho: kinachochuruzika kinanuka kama siki na kinanata vidoleni. Fungua yote kwa grenda yenye msasa namba 40 hadi faiba nzima ionekane. Kosa linalorudiwa sana ni kukausha moja kwa moja. Asidi ile haikauki kwa jua, inatoka kwa kuoshwa. Osha kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, yenye nguvu, kila siku kwa wiki moja au zaidi, kisha ndipo uache ikauke. Kujua imekauka, bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zake zote kwa tepu, kiache jua na usiku. Asubuhi ukikuta umande ndani yake, bado. Usianze kukausha wakati wa masika. Panga kazi iangukie Januari na Februari, au baada ya mvua kwisha, kuanzia Julai.

Sasa kujaza kilichobaki. Kwa nje nakushauri epoksi, hata kama bei yake ni kubwa kuliko poliesta, kwa sababu kwenye faiba ya zamani epoksi inashika zaidi na haipitishi maji kirahisi. Lakini ukiichagua, nenda nayo hadi mwisho. Mati ya kawaida ina gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta tu, kwa hiyo na epoksi tumia nguo ya kusuka au ya kushonwa ya gramu 600. Juu ya epoksi jelikoti haiivi vizuri wala haishiki; malizia kwa rangi ya vikopo viwili. Kama mfuko hauruhusu na unabaki na poliesta, weka kichocheo asilimia 1 wakati wa joto, yaani gramu 10 kwa kilo moja ya resini, usishuke chini ya hapo. Vaa miwani, tone moja la kichocheo linaweza kulipofua jicho, na usikichanganye kamwe moja kwa moja na kobalti, dawa ya kuharakisha resini kuiva: kinalipuka.

Kwenye ramani yako ya tarakimu, zungushia mistari: penye milimita 3, penye 2, penye 1. Kata nguo kwa kufuata mistari hiyo. Kipande kidogo kinaanza penye kina kirefu zaidi, kinachofuata kinakifunika na kuzidi pande zote. Kila tabaka ni karibu milimita 0.8, basi tabaka tatu zinakufikisha nusu milimita chini ya mstari. Nguo na epoksi huenda uzito kwa uzito, kwa hiyo andaa kilo 3 za nguo na kilo 3 za epoksi, na kilo 4 nyingine za epoksi kwa kupaka tumbo zima. Pima epoksi na hadena yake kwa mizani kama kopo linavyoagiza. Kuongeza hadena ili ikauke upesi ni kuiharibu, haitaiva kamwe. Ukishaichanganya, imwage kwenye trei pana. Ikibaki kwenye kopo inachemka na kutoa moshi ndani ya dakika chache kwa joto letu.

Anza kupaka saa kumi jioni, jua likipungua. Asubuhi faiba inazidi kupata joto, hewa iliyomo kwenye vitundu inapanuka na kupuliza mapovu ndani ya epoksi yako. Jioni inapoa, hewa inasinyaa, na epoksi inavutwa ndani. Kwa gharama ileile unapata kazi mbili tofauti kabisa.

Kesho yake utakuta epoksi ina utelezi kama sabuni. Uoshe kwa maji na sponji ngumu ndipo upige msasa, la sivyo tabaka linalofuata litabanduka. Nusu milimita ya mwisho ni kazi ya fila ya epoksi: epoksi, unga wa silika na vipovu vya kioo, uikoroge hadi isimame kwenye mwiko bila kuteleza. Ipake kwa mwiko wa meno, ule wa mafundi wa vigae. Acha iive, kisha sugua yale matuta kwa ubao mrefu wenye msasa; matuta ni rahisi kusawazisha kuliko uso mzima. Kisha jaza mifereji kwa bomba lako la alumini lililofungwa tepu ya plastiki lisigande, ukilivuta kutoka mbele kwenda tezi kwa mkono usiosita. Ubao wa msasa uwe na urefu wa sentimita 70 hivi, uende mshazari, kulia kisha kushoto. Grenda weka mbali kabisa hatua hii, inachimba mabonde mapya kwa sekunde. Puliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi kabla ya kusugua: weusi unaobaki ndio upungufu wako. Ukifika mahali biti ya milimita 1 haipiti popote katika mita moja na nusu za mwisho, simama. Mbele ya hapo tumbo linaweza kuwa na kasoro ndogo bila boti kulalamika.

Kisha kingo. Ukingo wa nyuma wa tumbo, na pindo kwa mita moja na nusu za mwisho, viwe vikali kama kona ya meza. Ukingo ukiwa mviringo maji hayaachii. Yanapanda kuufuata ubao wa nyuma na kuivuta tezi. Bandika kipande cha plastiki kwenye ubao wa nyuma kikizidi kidogo, jaza kona kwa epoksi yenye silika peke yake, bila vipovu, kwa sababu hapa panahitaji ugumu. Ng'oa plastiki, sugua upande wa tumbo tu. Mafundi wengi hupitisha msasa mara ya mwisho hapo ili paonekane pazuri, na kwa mpito huo mmoja wanaharibu kazi ya wiki.

Malizia kwa makoti manne au matano ya epoksi tupu, kisha rangi.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi, na kwayo mwite fundi wa faiba aje aiguse boti. Ukikuta nyufa zinazofuata mstari wa stringa kwa nje. Ubao wa nyuma ukicheza unapoisukuma mashine kwa mkono. Tumbo la kulia na la kushoto likitofautiana zaidi ya milimita 5. Au ukitoboa tumbo ukakuta mbao au povu katikati ya faiba mbili. Hili la mwisho ni kazi nyingine kabisa. Na ikiwa boti itachukua abiria, ikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kabla ya kurudi majini. Usisubiri waikute baharini.

Kuna njia nyingine ambayo ni halali: ikiwa stringa zote ni nzima, fedha haipo mwaka huu, na unavua karibu na pwani kwa mwendo wa taratibu, unaweza kuiacha ilivyo na usiifungue mashine kupita mwendo ambao pua inaanza kuinama. Yatibu malengelenge tu.

Kabla ya kuirudisha kwenye trela, ongeza urefu wa mbao zake hadi zifike chini kabisa ya ubao wa nyuma, na mashine iwe na nguzo yake. Siku ya majaribio nenda na watu wawili, tangi nusu, bahari ikiwa tulivu, na uandike mizunguko ya mashine na mwendo wa GPS kwa kila nafasi ya mguu wa mashine. Ukiusogeza mguu nje taratibu, pua inapaswa kuinuka yenyewe na usukani kuwa mwepesi. Ikianza kudundadunda mapema, kuna nundu uliyoiacha. Rudi na bomba la alumini na biti zako.